Kabla hujalipa karo ya ufundi wa friji na redio

Mzazi wa hapa Mombasa akinijia kuuliza habari za kozi ya friji, swali lake la kwanza huwa ni karo. Mimi humwuliza jambo jingine: huko anakopelekwa, kijana atashika mashine au ataandika tu daftarini? Karo ya chini mahali pasipo na vifaa ni ghali.

Kwa hiyo nendeni mkaione karakana kabla ya kutoa hata shilingi moja. Msiende siku ya kupokea wageni, maana siku hiyo kila kitu kinang'aa. Nendeni asubuhi ya kawaida, wanafunzi wakiwa kazini. Hesabuni friji zilizofunguliwa na vichwa vilivyoinama juu ya kila moja. Kisha ombeni kuonyeshwa vitu viwili: pampu ya kunyonya hewa na mtungi wa naitrojeni. Mwalimu akijiuma-uma, mmeshapata jibu.

Nina sababu ya kung'ang'ania vitu hivyo. Mama mmoja auzaye samaki Likoni aliniita kwa ajili ya friza yake. Ilikuwa imejazwa gesi mara tatu kwa miezi michache, na kila fundi amekula pesa yake akaenda zake. Nilitia naitrojeni ndani, nikapaka povu la sabuni kwa brashi kwenye viungo vya bomba la shaba, nikasubiri. Kwenye kiungo kimoja, palipokwisha kuwa kijani kwa chumvi, viputo vikaanza kuibuka kimoja kimoja. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa. Inazunguka humo humo miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, pana mahali imetoka. Fundi asiyefunzwa kutafuta tundu hilo ni mwuzaji wa gesi tu.

Na baada ya kuziba, hewa yote inyonywe kabla ya kujaza. Hewa ya pwani imejaa unyevu, na unyevu ukibaki ndani huganda kwenye kile kibomba chembamba cha kapilari. Friji inapoa, inaacha, barafu ikiyeyuka inaanza tena, na mwenye nyumba anadhani ina jini. Mtungi uwe wa naitrojeni, si wa oksijeni. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na oili ya kompresa, ile mashine inayoisukuma gesi, hulipuka.

Mambo ya karatasi hayana maneno mengi. Chuo kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, na mjue mtihani wake unatoka kwa shirika gani la mitihani: KNEC, TVET CDACC au NITA. Mtihani wa NITA wa daraja, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza, unamfaa hata aliyejifunzia kazi kwenye kibanda cha mjomba wake.

Sasa redio. Vijana hunicheka: nani anatengeneza redio siku hizi, na kila mtu ana simu? Mimi bado nasema aanze nayo. Redio ya betri mbili ina volti 3. Ukikosea, hasara yako ni kipuri cha bei ndogo. Friji ina volti 240, na hizo hazisamehi. Tena redio inafundisha kufikiri. Imenyamaza? Pima betri. Betri nzima? Gusa kwa ncha ya bisibisi mguu wa kati wa kile kitufe cha sauti. Spika ikivuma "buu", ampilifaya, inayokuza sauti, ni nzima na ubovu uko nyuma yake, upande wa antena. Isipovuma, angalia mbele, upande wa spika. Umekwisha kuigawa kazi nusu kwa nusu bila kufungua kipande chochote. Friji isiyowaka hufuatwa vivyo hivyo: soketi, themostati, rilei ya kuwashia kompresa, ovalodi inayokata umeme kompresa ikizidi joto, na kompresa yenyewe mwisho kabisa. Wengi huanza kwa kuilaumu kompresa, kwa kuwa ndiyo yenye bei. Na friji na eisi mpya za inveta, zinazobadili kasi ya kompresa, zina bodi za sakiti ndani, kwa hiyo mkono uliozoea kulehemu vitu vidogo umerudi kuwa na soko.

Kijana apimwe macho pia, hasa rangi. Baadhi ya vipuri vya redio husomwa kwa mistari ya rangi, na asiyetofautisha nyekundu na kahawia atahangaika. Ni afadhali ajue leo kuliko katikati ya muhula.

Ulizeni vilevile ni gesi zipi zinazofundishwa. R22, iliyomo bado kwenye eisi nyingi za zamani, inaondolewa taratibu chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa hiyo mwanafunzi ajue kuivuta na kuihifadhi, si kuiachia hewani. R600a ya friji nyingi mpya za nyumbani inawaka moto, ni jamaa ya gesi ya kiberiti cha gesi. Anayechomelea bomba ambalo bado lina gesi hiyo atanyolewa nyusi, na hapo ana bahati.

Vifaa msinunue sanduku zima siku ya kwanza. Testa nzuri, koleo, bisibisi chache na chuma cha kulehemu cha wati 30 au 40 vinatosha kuanzia. Viatu viwe vya kufunika vidole, vya soli ya mpira. Kandambili ziachwe nyumbani.

La mwisho, kabla ya kujiandikisha, akae na fundi kwa wiki mbili, na iwe wakati wa kaskazi, joto la Januari au Februari, simu zinapolia tangu alfajiri. Apande na kushuka ngazi za nyumba za Mji wa Kale, nyembamba zilizosimama wima, friji ikiwa mgongoni na mwenye nyumba akipiga kelele asikwaruziwe ukuta. Jioni akirudi, msimwulize kitu. Mwangalieni tu kama kesho yake ataamka mwenyewe.