Namna ya kujua kama gemu itakubali kwenye Linux kabla hujamaliza bando

Kompyuta nyingi ninazoletewa hapa Chake Chake, Pemba, ni zile zilizotumika nje kisha zikauzwa Darajani, Unguja, na aghalabu hazitimizi masharti ya Windows 11. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta hizo wamekuwa wepesi zaidi kukubali kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya Linux inayochukua nafasi ya Windows. Mzazi huuliza kama mtoto ataweza kuandika kazi zake za skuli. Kijana mwenyewe husubiri mzazi atoke ndipo aulize kuhusu gemu.

Jibu ni kwamba gemu zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani, na zinazokataa hukataa kwa sababu zinazojulikana, ambazo kubwa ni mbili: kadi ya picha na programu za kuzuia udanganyifu. Zote mbili huweza kuchunguzwa kabla gemu yenyewe haijaanza kupakuliwa. Kwa kuwa bando kwetu ni ghali na gemu moja huweza kuzidi gigabaiti hamsini, nimezipanga hatua hizi kwa kufuata gharama, zile za bei rahisi zikitangulia.

Hatua ya kwanza: itambue kadi ya picha

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), kisha andika amri hizi mbili, moja baada ya nyingine:

sudo apt install vulkan-tools
vulkaninfo --summary

Vulkan ndiyo njia ambayo gemu za kisasa huitumia kuwasiliana na kadi ya picha, na bila ya hiyo gemu nyingi za Windows haziendesheki kwenye Linux. Katika majibu yatakayotokea, tafuta mistari miwili. Mstari wa deviceName hutaja kadi iliyotambuliwa. Ukiona llvmpipe peke yake, basi kadi haikutambuliwa na prosesa ndiyo inayochora picha, hali ambayo hata gemu ndogo huenda kwa kusuasua. Mstari wa apiVersion huonesha toleo la Vulkan, na toleo la 1.3 au zaidi halina wasiwasi. Prosesa za Intel za kizazi cha sita, zilizoanza kutoka mwaka 2015, hufikia kiwango hicho. Za kizazi cha tatu na cha nne, ambazo bado zimejaa madukani, hazifikii, na vivyo hivyo kadi za NVIDIA za GTX 600 na nyingi za GTX 700. Mwenye kompyuta ya namna hiyo hajafungiwa mlango, ila atahitaji toleo la zamani la Proton, programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, ambalo nimelieleza katika hatua ya mwisho.

Hatua ya pili: ichunguze gemu kabla ya kuinunua

Ziko gemu zilizotengenezewa Linux moja kwa moja, kama Counter-Strike 2, Dota 2 na Stardew Valley, na hizo hazina mjadala. Nyingine ni za Windows, nazo huendeshwa kwa msaada wa Proton, programu ambayo Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, iliitoa Agosti 2018 juu ya msingi wa Wine, mradi wa kuendesha programu za Windows kwenye Linux ulioanza mwaka 1993. Proton haiigizi kompyuta nzima ya Windows. Hupokea maombi ambayo gemu inadhani inaipelekea Windows na kuyageuza kuwa maombi ambayo Linux inayaelewa, huku michoro ya Direct3D, njia ya Windows ya kuchora picha, ikigeuzwa kuwa ya Vulkan. Ndiyo maana hatua ya kwanza ilianza na Vulkan. Hamu ya watengenezaji kuzijaribu gemu zao kwenye Linux iliongezeka Februari 2022, Valve ilipoanza kuuza Steam Deck, mashine ya mkononi ambayo mfumo wake wenyewe ni Linux.

Sasa nenda kwenye tovuti ya protondb.com, andika jina la gemu, na usome daraja lake. Platinum maana yake inakubali bila ya kuguswa. Gold inakubali baada ya marekebisho. Silver ina kasoro ndogo ndogo. Bronze huwaka lakini huzimika mara kwa mara. Borked haikubali kabisa. Usiishie kwenye daraja. Teremka chini uzisome taarifa za watumiaji, na utafute aliyetaja kadi inayofanana na yako, kwa sababu sifa za mtu mwenye kadi mpya ya bei ya juu hazikuhusu wewe mwenye Intel ya ndani ya ubao. Angalia pia tarehe ya taarifa, maana hali hubadilika kwa pande zote mbili.

Mfano mzuri wa mabadiliko hayo ni Apex Legends, iliyochezeka kwenye Linux kwa muda na kisha ikafungwa mwaka 2024. Sababu iliyotajwa ilikuwa udanganyifu, na hapa tunaifikia sehemu inayowaumiza wengi. Gemu za kushindana mtandaoni huja na programu inayochunguza kama mchezaji anadanganya. Easy Anti-Cheat na BattlEye, ambazo ndizo zinazotumika sana, zimekuwa na uwezo wa kufanya kazi pamoja na Proton tangu mwaka 2021, lakini ni mpaka mtengenezaji wa gemu mwenyewe aruhusu. Fortnite haikuruhusu. Valorant inatumia programu yake, Vanguard, inayojichimbia ndani kabisa ya Windows, na kwa hiyo haikubali. GTA V inacheza vizuri hadithi yake ya mchezaji mmoja, ilhali sehemu yake ya mtandaoni imefungwa kwa watumiaji wa Linux tangu ilipowekewa BattlEye mwaka 2024. Tovuti ya areweanticheatyet.com imeziorodhesha gemu hizi moja moja.

Kwa wapenzi wa mpira, ambao ndio wengi, niseme wazi: EA Sports FC 24 na FC 25 hazichezeki kwenye Linux, kwa sababu ya programu ya kuzuia udanganyifu ya EA yenyewe, na hakuna marekebisho ya terminali yatakayobadilisha hilo. Football Manager 2024 inakubali, lakini najua si kitu kimoja. Anayetaka kupiga chenga hatoridhika na kupanga kikosi.

Hatua ya tatu: sakinisha Steam na uidhibiti

Kwenye Mint na Ubuntu tumia amri hizi:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install steam-installer

Kwenye Ubuntu, iepuke Steam ya aina ya snap inayotolewa na duka la programu, kwani imewahi kuwaletea watumiaji matatizo mengi. Ukiiwasha Steam kwa mara ya kwanza itajipakulia mamia ya megabaiti, na hilo halina njia ya kulikwepa.

Ukishaingia, fungua “Settings”, kisha “Downloads”. Zima “Shader Pre-Caching”, ambayo kwenye Linux hupakua data ya ziada kwa kila gemu. Utaona gemu ikigugumia kidogo mwanzoni, lakini bando litabaki. Hapo hapo panga saa za kujisasisha ziwe za usiku, kama mtandao wako una nafuu wakati huo. Kisha fungua “Compatibility”. Kama toleo lako lina kisanduku cha kuruhusu gemu nyingine zote kutumia Steam Play, yaani kuendeshwa kwa Proton, kitie alama.

Hatua ya nne: ilete gemu bila ya kuipakua

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha. Faili za gemu ya Windows inayoendeshwa kwa Proton ni zile zile zilizomo kwenye kompyuta ya Windows, kwa hiyo ukiwa umeinunua gemu kwa akaunti yako, unaweza kuzichukua kutoka kwa rafiki aliyekwisha kuipakua. Mkiwa mmekaa pamoja na kompyuta zenu zimo katika ruta moja, Steam yenyewe huweza kuzihamisha: mwenye gemu aingie kwenye “Downloads”, aruhusu uhamishaji kupitia mtandao wa ndani, na wewe ubonyeze “Install” kama kawaida. Nyote mnahitaji kuwa mmeingia kwenye akaunti zenu, lakini mzigo mkubwa hupita katika ruta na si katika bando.

Rafiki akiwa Unguja, mpe diski aijaze, kisha aikabidhi kwa mtu anayepanda boti ya kuja bandari ya Mkoani. Diski isiwe ya muundo wa FAT32, kwani muundo huo haupokei faili inayozidi gigabaiti 4. Ikifika, fuata utaratibu huu. Kwanza, ikiwa gemu ina toleo la Linux pia, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia, fungua “Properties”, kisha “Compatibility”, na uilazimishe itumie Proton. Usipofanya hivyo Steam itazipuuza faili za Windows na kupakua za Linux upya. Pili, nakili folda nzima ya gemu na uiweke katika ~/.steam/steam/steamapps/common bila ya kubadilisha jina lake. Tatu, bonyeza “Install”. Steam itazikagua faili zilizopo na kupakua zilizopungua tu, pamoja na Proton yenyewe ikiwa bado hunayo.

Kuna kishawishi cha kuziacha gemu katika sehemu ya diski iliyobaki na Windows, yenye muundo wa NTFS, ili mifumo yote miwili izitumie. Sipendekezi. Proton huhitaji ruhusa za faili na viungo ambavyo NTFS haivishiki ipasavyo, na gemu hukataa kuwaka bila ya kutoa sababu. Tumia ext4, muundo wa diski wa Linux yenyewe.

Hatua ya tano: iwashe, na ikikataa itafutie sababu

Washa gemu siku ile ile uliyoinunua. Steam hurejesha fedha ikiwa ombi limetumwa ndani ya siku 14 na muda uliocheza haujafika saa 2, na saa ambazo gemu imeachwa wazi kwenye skrini nazo huhesabiwa.

Ikikataa, rudi kwenye “Properties”, uingie “Compatibility” na ubadilishe toleo la Proton. Kwa kadi ambayo Vulkan yake haifiki 1.3, jaribu Proton 7.0, kwa sababu matoleo yaliyofuata yanahitaji Vulkan mpya. Kama bado haikubali, andika maneno haya katika “Launch Options”, ili michoro ipitie OpenGL, njia kongwe kuliko Vulkan. Kasi itapungua, lakini gemu kongwe huvumilia:

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Yote hayo yakishindikana, andika PROTON_LOG=1 %command% mahali hapo hapo, iwashe gemu mara moja, na katika folda yako ya nyumbani utaikuta faili inayoanza na steam- na kuishia na .log. Anayekusaidia mtumie faili hiyo pamoja na majibu ya vulkaninfo ya hatua ya kwanza, maana bila ya viwili hivyo atabaki kukisia.