Ukitaka kuanza kufuata AEW

Ndugu wa Lubumbashi uliyechoka na mieleka ya WWE, ukaanza kuitupia jicho AEW, kampuni nyingine ya mieleka ya Marekani: usianzie 2019 ilipozaliwa, ni bahari. Subiri tamasha lao kubwa la mapambano kama Revolution au All Out lipite, kisha anza na kipindi cha Dynamite kinachofuata. Hapo ugomvi mwingi wa zamani umeisha na mpya ndiyo unachokozwa. Shika mwanamieleka mmoja tu. Wengine utawajua kupitia maadui zake. Dynamite hurushwa Jumatano usiku Marekani, kwetu ni Alhamisi saa nane au tisa usiku, Kamalondo nzima hapa Lubumbashi imelala (karibu nzima). Usikeshe. Asubuhi tafuta vipande kwenye YouTube ya AEW wenyewe, shusha ubora wa picha, mega zitakutosha.