Somo: Mawe ya uani ni uwanja wa watoto, usiyapasue

Habari zenu wazazi wenzangu. Niliahidi somo la kutengeneza sehemu ya kuchezea watoto uani bila kununua bembea za dukani, na leo natimiza. Naishi Bugarika, mlimani, kwa hiyo nayasema haya kutoka kwenye ua wenye majabali na mteremko, kama nyua nyingi hapa Mwanza.

Tulipohamia, fundi alitushauri tulipasue jabali la nyuma ya jiko, tuuze kokoto na tupate mahali tambarare. Nilikataa. Leo jabali hilo ndilo meli, ndilo duka, ndilo Kisiwa cha Saanane. Jua la asubuhi likilipiga, yule mjusi dume wetu wa mawe, kichwa na mabega mekundu, mwili wa bluu, hupanda juu kuota jua huku akitikisa kichwa. Mwanangu wa mwisho, wa miaka minne, hulala kifudifudi jiwe la pili na kutikisa kichwa naye. Wanaweza kukaa hivyo mpaka uji unapoa.

Kwa hiyo ninachowaomba ni kimoja: tumieni kilichopo. Kazi yetu ni kuondoa hatari, kisha kuongeza kivuli, mchanga na maji.

Hatua ya 1: Kagua ua ukiwa umepiga magoti

Ukisimama huoni anachokiona mtoto. Piga magoti uzunguke ua mzima. Okota vioo, misumari na vipande vya nondo. Kila jiwe lisukume kwa mguu. Linalotikisika liondoe au lizike nusu yake ardhini. Tundu lililo chini ya jabali liangalie kwa tochi.

Kisha angalia mimea. Mbegu za mbarika na za mbono zina sumu, na mtoto huziona kama njugu. Ila mmea ninaoutaja kwa uchungu ni mnyaa, ambao wengi tunaufanya uzio. Mwanangu wa pili alivunja kijiti, utomvu mweupe ukamrukia jichoni. Alilia usiku kucha, na mimi nilikuwa nimemfuta kwa kitambaa tu kabla ya kumpeleka hospitali. Ikiwatokea, mimina maji safi jichoni mfululizo kwa dakika 15 hadi 20, kisha kimbia hospitali, usisubiri asubuhi. Uzio ule niliung'oa wote.

Hatua ya 2: Kivuli

Kama una mwembe au mpera, umemaliza. Kama huna, funga turubai kwenye nguzo nne, halafu panda pasheni itambae juu ya fito. Panda vuli inapoanza, Oktoba, mvua ikusaidie kumwagilia.

Hatua ya 3: Shimo la mchanga

Hapa ndipo watoto watakaposhinda, kwa hiyo usilipue. Chimba mita 1.5 kwa mita 2, kina sentimita 30, upande wa juu wa mteremko na mbali na njia ya maji ya mvua. La sivyo, mvua moja ya masika itaushusha mchanga wote kwa jirani. Chini tandaza kokoto kidogo ili maji yapenye, juu yake viroba vilivyotobolewatobolewa, ndipo mchanga. Itaingia kama toroli 15. Kingo zake panga mawe ya duara, watoto watayakalia.

Mchanga nunua kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi, uuchekeche na uuoshe. Usiende kuchimba ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ufukwe ukiliwa haurudi.

Jioni funika kwa turubai, kila siku. Paka hulipenda sana shimo la mchanga kwa haja zao, na humo minyoo huanzia. Kuku nao wasiingie. Mara moja kwa wiki geuza mchanga kwa jembe upigwe na jua.

Hatua ya 4: Jiko la tope

Sufuria iliyotoboka, makopo, kata, ubao juu ya mawe mawili, basi. Weka beseni la maji karibu. Wangu hupika "sato wa nazi" kwa majani ya mpera na wananiuzia kwa kokoto. Maji ya beseni yamwagwe kila jioni: yakilala wiki moja tu mbu wanakuwa wameshazaliana, na malaria tunaijua. Mtoto mdogo na maji asiachwe peke yake hata dakika moja, hata kama maji ni ya kifundoni.

Hatua ya 5: Jabali la kupanda

Kwa walio chini ya miaka sita, wapande jiwe lisilozidi kimo chao. Panapoangukia mwaga mchanga au maranda ya seremala, unene wa shubiri na zaidi. Jiwe likilowa, hakuna kupanda.

Baada ya hapo keti pembeni. Kombolela na mdako watajifundishana wenyewe.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Kutoka Luchelele: Shikamoo dada. Sisi tuko karibu kabisa na ziwa. Naweza kuchota maji ya ziwa nijaze beseni?

Marahaba mdogo wangu. Usiyatumie siku hiyohiyo. Kichocho kinatokana na konokono wa majini. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtoto bila yeye kusikia chochote. Tumia ya bomba au ya mvua. Kama huna budi, chuja, hakikisha hakuna konokono, kisha yaache kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kamili. Vijidudu vile havidumu zaidi ya hapo.

Kutoka Buhongwa: Nimepanga, na baba mwenye nyumba hataki kuchimbiwa ua. Nifanyeje?

Usichimbe. Panga mawe duara juu ya viroba, mwaga mchanga ndani. Toroli nne au tano zinatosha watoto wawili. Ukihama unazoa na kuondoka nao.

Kutoka Igoma: Wa kwangu ana mwaka na miezi minne, anakula mchanga.

Umri huo karibu wote wanaonja. Kaa naye, mpe kijiko na kopo mikono iwe na kazi, na mnawishe kwa sabuni akitoka. Ila akiutafuta udongo kila siku na kuula kwa wingi, mpeleke kliniki wampime damu na minyoo.

Kutoka Kitangiri: Dada, mawe ninayo mengi lakini naogopa nyoka.

Kaka, una haki kuogopa. Fyeka nyasi ziwe fupi, ziba matundu ya chini kwa kokoto na saruji, na rundo la kuni lihamishie mbali na wanapochezea. Pumba za kuku zisilale nje, maana panya hufuata pumba na nyoka hufuata panya. Watoto wafundishe kugonga jiwe kwa fimbo kabla ya kukaa, na kutoingiza mkono kwenye tundu lolote. Nyufa za juu juani ziache wazi, hizo ni za mjusi.