Kabla ya kupanda jukwaani kuimba kwa Kichina

Ukishajiandikisha kwenye shindano la uimbaji la wanaojifunza Kichina, anza kwa kuchagua wimbo unaouweza. Kwa anayeanza napendekeza Mo Li Hua, wimbo wa jadi unaolisifu ua la asumini. Hauendi mbio, na maneno yake yanajirudia. Tafsiri kila mstari mwenyewe. Anayekielewa anachokiimba huonekana usoni.

Kisha kaa na matamshi, na hapa usiharakishe hata kidogo. Kichina sanifu kina toni nne, yaani namna za kupandisha au kushusha sauti zinazobadili maana ya neno, pamoja na silabi nyepesi isiyo na toni. Katika maongezi, mǎi ni kununua, mài ni kuuza. Kwenye nyimbo za kisasa mahadhi huzimeza toni, hivyo msikilizaji anabaki kukushika kwa konsonanti na miishio ya silabi. Xin ni moyo. Xing, inayoishia na ng' ya ng'ombe, ni nyota. Sisi tuliozoea maneno yanayoishia na irabu huteleza tukaimba "xini". Kuna mwanafunzi nilimsikiliza mazoezini akirudia xin hiyo moja jioni nzima: avute irabu, ulimi uguse nyuma ya meno, sauti ikome hapo hapo. Ilipokaa sawa, wimbo mzima ulibadilika.

Pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, iliidhinishwa mwaka 1958 na inasaidia sana, ila usiisome kama Kiswahili. Q hukaribia ch, c ni ts, na b ni p isiyo na pumzi. P yenyewe hutoka na pumzi. Anayetofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa matamshi ya Mombasa tayari anazo sauti hizo mbili kinywani. Weka kiganja mbele ya midomo, utauhisi upepo.

Biti isiwe juu kuliko sauti yako. Ibebe kwenye flashi na kwenye simu pia. Mavazi yasikubane kifua, basi. Kanzu au kanga inapendeza vilevile.

Wengi husahau utambulisho. Mara nyingi utatakiwa kusalimia na kujitaja kwa Kichina kabla ya wimbo, bila ala, na hapo kila toni inasikika. Andika sentensi tatu tu, msomee mwalimu wako, jirekodi, ujisikilize, urudie mpaka zitoke bila karatasi.