Siku ya Singo Bila Harusi

Alhamisi ya mwisho wa mwezi sifungui cherehani. Wateja wangu wa Kikwajuni, hapa Zanzibar, wamekwishazoea, mwenye haraka na gauni lake huja Jumatano. Siku hiyo ni ya mwili wangu. Nilianza kuiweka miaka minne iliyopita, baada ya msimu wa Idi ambao nilishona usiku na mchana hata shingo ikakataa kugeuka. Wifi yangu aliponikuta nimekaa wima kama niliyejitwika ndoo akaniuliza, "Wifi, mara ya mwisho kusingwa lini?" Nikamwambia siku ya harusi yangu. Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa.

Singo, yaani kusuguliwa mwili kwa unga wa maua yenye harufu, tumemwachia bi harusi. Anawekwa ndani na somo wake, mwanamke anayemfunda, anasuguliwa, anafukizwa, anapakwa mafuta mpaka ngozi inang'aa, kisha mwili huo huo unaachiwa jua, moshi wa jiko na sabuni ya kufulia mpaka uzee. Mimi naona si haki. Kwa hiyo nakueleza ninavyofanya mwenyewe, kwa vitu vya sokoni Darajani na nazi mbili.

Kazi huanza siku chache kabla. Nanunua asmini, mawaridi na langilangi, nazianika juu ya ungo kivulini. Ukizianika juani zitakauka upesi lakini harufu itakwenda na jua. Zikishakauka kiasi cha kuvunjika mkononi, natia kinuni viganja viwili vya mawaridi, kimoja cha asmini, langilangi nne au tano, na punje za karafuu zisizozidi sita. Kwenye karafuu usiwe mkarimu. Mafuta yake ni makali, yanaunguza ngozi laini, na hayo ya chupa usiyapake mwilini hata siku moja bila kuyachanganya na mafuta mengine mengi. Natwanga, nachekecha kwa kitambaa chepesi, natwanga tena makapi. Unga ukiwa na chenga utakukwaruza badala ya kukusugua.

Liwa, yaani msandali, nasaga mwenyewe: kipande cha mti, jiwe, na matone ya marashi ya mawaridi. Unazungusha kipande polepole mpaka jiwe lote lina uji mzito wa rangi ya maziwa ya chai. Liwa ni ghali, na ya unga inayouzwa rahisi mara nyingi imechanganywa. Usipoipata ya kweli, tumia unga wa mchele uliosagwa laini sana. Hauna harufu lakini unashika mchanganyiko vizuri.

Kabla ya kujipaka mwili mzima, changanya kidogo, paka ndani ya kiwiko, acha mpaka kesho yake. Pakiwasha au pakiwa pekundu, kuna kitu ngozi yako haikitaki. Hatua hii watu wengi wanairuka, na ndiyo nisiyoiruka mimi. Sababu utaiona mbele.

Mafuta napika asubuhi ya siku yenyewe. Nakuna nazi mbili, nakamua tui zito bila kuongeza maji mengi, naliweka kwenye moto mdogo. Litachemka, litakatika, na mwisho utaona mafuta safi juu na masimbi ya kahawia chini. Epua kabla masimbi hayajaungua, maana yakiungua mafuta yote yatanuka moshi. Chuja. Chicha, yale makapi ya nazi uliyoikamua, usiitupe, weka kwenye bakuli.

Saa nane mchana wifi yangu anafika, nafunga mlango, simu inabaki chumba kingine.

Mpangilio ni huu: joto, singo, maji, mafuta, udi. Usiupindue. Hata Hamamni pale Mji Mkongwe, bafu alilojenga Sultan Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kazi ilikuwa hiyo hiyo: mtu anapitishwa kwenye vyumba vya joto kwanza, ngozi ilegee, ndipo asuguliwe. Bafu lile halina maji siku hizi, unaingia kutazama tu. Lakini ukisimama ndani yake utaelewa kwa nini ngozi kavu haisuguliki.

Kwa joto mimi nachemsha maji na majani ya mchaichai na mrehani, naweka sufuria sakafuni mahali pasipotikisika, nakaa mbele yake nimejifunika kanga mbili. Dakika kumi zinatosha. Usiinamishe uso karibu na sufuria, mvuke unaunguza. Mwenye mimba, mwenye presha au anayejisikia kizunguzungu aache mafusho, aoge maji ya uvuguvugu, inatosha kabisa.

Sasa singo. Changanya unga wa maua na liwa, ongeza marashi ya mawaridi kidogo kidogo mpaka upate ujiuji unaoshika mkononi bila kudondoka. Paka mwili ukiwa bado na unyevu, kuanzia miguuni kupanda juu, acha uso kwa mwisho na uupake kwa wepesi. Mahali palipo na kidonda, au uliponyoa siku hiyo, ruka. Ngoja uanze kukauka, usingoje ukauke kabisa. Kisha sugua kwa viganja, duara ndogo ndogo, na hapo utaona nongo zinatoka kama nyuzi. Mara ya kwanza nilipoziona nilinyamaza. Miaka yote nilikuwa naoga mara mbili kwa siku nikidhani nimetakata.

Mgongo ndio unaohitaji mkono wa mtu mwingine, na kwangu ndipo penye utamu wa siku yote. Wifi anasugua kutoka kiunoni kwenda mabegani, hana haraka, tunazungumza au hatuzungumzi. Kuna mambo nimeyasema nikiwa nimempa mgongo ambayo nisingeweza kuyasema tukitazamana. Kama huna wifi, tafuta shoga, dada, binti yako mkubwa. Naye zamu yake ikifika, msugue kwa moyo ule ule.

Chicha ni ya visigino, magoti na viwiko. Kisha oga kwa maji ya vuguvugu bila sabuni. Sabuni itaondoa kila ulichofanya.

Mafuta yapake ngozi ikiwa bado mbichi, yakiwa ya moto kiasi cha kustahimilika kwenye kifundo cha mkono. Kwa sisi tunaoinamia cherehani, au wewe unayeinamia kompyuta, fanya hivi: vidole vinne vya mkono wa kulia viweke juu ya bega la kushoto, pale penye nyama kati ya shingo na bega. Bonyeza, shika, vuta pumzi ndefu, iachie huku ukiinamisha kichwa upande wa pili. Mara tano, kisha badilisha. Maumivu yawe yale unayosema "hapo hapo", si yale ya kukufanya ukaze meno. Mguu mmoja ukiwa umevimba na unauma, usiukande wala usikubali ukandwe. Nenda hospitali, kwani huenda ni damu iliyoganda.

Mwisho ni udi. Mkaa ukishawaka wote na kuwa na majivu meupe, tia kwenye chetezo, weka kipande kidogo, fukiza nywele na nguo utakazovaa. Dirisha liwe wazi. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua, na mwenye pumu moshi huo haumfai hata kidogo. Mimi hujitosheleza kwa kikuba cha asmini ninapokuwa na mafua.

Kuna miezi nyumba inajaa wageni na mlango haufungiki. Hapo nakwenda saluni ya kukandwa, na nina mambo ninayoyauliza kabla ya kuvua buibui. Anayekanda ni mwanamke? Mafuta yana nini ndani? Shuka imebadilishwa? Nikilala naeleza mapema wapi panauma na nguvu kiasi gani naitaka, na akizidisha namwambia hapo hapo. Wengi wetu tunaona haya, tunalipa tukiumia. Usile ukashiba kabla ya kwenda, na ukimaliza usiinuke kwa ghafla.

Lakini swali nisilolisahau ni la hina. Kuna mwaka nilikaa kwenye kibanda kimoja nikapakwa maua meusi, mazuri kweli, yamekolea kwa nusu saa. Usiku wa pili mikono iliwaka moto, na asubuhi kila ua lilikuwa lengelenge. Ile ilikuwa piko, rangi ya kupakia nywele. Hina ya majani haiwi nyeusi tititi, inatoka rangi ya machungwa na kukolea kuwa kahawia baada ya siku moja au mbili, na inataka saa kadhaa mkononi. Ukiambiwa itakuwa nyeusi sasa hivi, inuka. Mikono yangu ilipona, ila daktari alinikataza kupaka rangi ya nywele tena, maana mwili ukishaikataa kemikali ile hausahau. Ndiyo maana kila kitu kipya nakijaribu kwenye kiwiko.

Unga wa singo uliobaki uweke mkavu kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na bafu, utakufaa mwezi ujao. Uliokwisha kuchanganywa na marashi umalize siku hiyo hiyo, usiku utachacha. Kwangu hauwahi kubaki. Mama mkwe huutaka kwa miguu yake, nami nampelekea bakuli, nakaa chini, namsugua.