Pima staki ya ukatizaji kabla ya kuipunguza
Unapotaka kuokoa kumbukumbu kwenye mfumo endeshi wa wakati halisi, ijaze staki ya ukatizaji (eneo la kumbukumbu ambamo vishughulikiaji, yaani vipande vya programu vinavyojibu ishara za ghafla za maunzi, huweka data yao ya muda) thamani inayotambulika kwa urahisi, kwa mfano 0xA5A5A5A5, kabla ukatizaji wowote haujaruhusiwa, ukiishia chini kidogo ya anwani ambayo kielekezi cha staki kinaonyesha wakati huo. Kisha uiache programu ifanye kazi chini ya mzigo mzito na uhesabu, kuanzia anwani ya chini kabisa, ni sehemu gani ambayo bado haijaguswa. Niliwahi kuitegemea uxTaskGetStackHighWaterMark, kitendakazi cha mfumo endeshi wa FreeRTOS, kwa hesabu hiyo, kumbe hupima staki za majukumu (task) pekee, ilhali kwenye vichakataji vya Cortex-M vishughulikiaji vya ukatizaji hutumia staki kuu, iliyo kando, na hiyo ndiyo staki ya ukatizaji tunayoipima. Kwa kuwa staki hiyo hukua kuelekea chini, kina ilichofikia hubaki kimeandikwa pale alama zinapokatikia. Angalia hasa ukatizaji unaoingilia mwingine: ule wa kwanza huhifadhi rejista (thamani zilizomo ndani ya kichakataji) kwenye staki ya jukumu lililokatizwa, lakini kila unaofuata huchukua baiti 32 za staki kuu, au 104 iwapo rejista za namba za desimali (floating point) zinatumika, mbali na vigeu vya kishughulikiaji chenyewe. Kipimo hiki hudanganya pale safu (array) kubwa ya ndani ya kitendakazi inapotengewa nafasi bila kuandikwa, na pale viwango vyote vya kipaumbele visipowahi kukutana wakati wa majaribio. Jambo hili la pili ndilo la kuogopwa zaidi, kwa hiyo jumlisha pia kwa mkono kina cha kila kiwango.