Papa potwe wa Mafia na mlima Kitonga: mwongozo kwa mzamiaji wa nyanda za juu

Sisi wa Mbeya tuliojifunzia kuogelea Matema, katika Ziwa Nyasa, hufika Kisiwa cha Mafia tukidhani kwamba maji ni maji. Maji ya chumvi humwinua mtu kuliko ya ziwani, kwa hiyo vipande vya madini ya risasi ulivyojifunga kiunoni vikakutosha Matema havitakuzamisha baharini. Mweleze mwalimu wako mapema ili akuongezee.

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi, akifuata uduvi. Aliyekomaa anaweza kuzidi mita 12, ingawa wengi wanaofika Mafia ni madume ambao bado wanakua. Kwa kuwa hula karibu na uso wa maji, utamwona vizuri zaidi ukiwa na miwani na mrija tu, bila mtungi wa hewa. Shuka chomboni taratibu, ukae ubavuni mwake umbali usiopungua mita 3, na mkia uupishe zaidi ya hapo, kwani ndio unaoweza kukuumiza hata kama mwenyewe hana nia mbaya. Usimguse wala usimzibie njia. Wakati mwingine husimama wima, mkia ukining'inia kilindini, kinywa kikifunguka na kufumba juu ya uduvi. Hapo tulia, utazame madoa meupe ya mgongoni, ambayo hayafanani kwa potwe wawili.

Akikupitia juu ukiwa chini na mtungi, usimfukuze. Endelea kupumua bila kubana pumzi, kwa sababu hewa iliyobanwa hutanuka mapafuni kadiri unavyopanda na inaweza kuyapasua.

Jambo ambalo watu wa pwani hawana sababu ya kulifikiria ni safari yetu ya kurudi. Mzamiaji anayepumua hewa ya mtungi hutoka majini akiwa na naitrojeni ya ziada mwilini, na akipanda mahali penye hewa nyepesi kabla haijatoka, inaweza kufanya mapovu katika damu na viungo. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na Mbeya takriban 1,700, hivyo gari linalopanda mlima Kitonga kuelekea Iringa ulihesabu kama ndege. Baada ya kuzamia mara kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda mlima au ndege. Mimi husubiri 24. Ndiyo maana ninashauri mitungi uimalize siku za mwanzo huko Ghuba ya Chole, na potwe umwache siku ya mwisho, kwa kuwa kuogelea juujuu kwa mrija hakukulazimishi kusubiri.

Ukiwa njiani ukasikia viungo vinauma, ganzi au kizunguzungu, usiseme ni uchovu wa basi: shuka kabla ya mlima, uende hospitali, uombe oksijeni, na umwambie daktari kwamba ulizamia.